Ruhusa Niliyoiomba Hewani

Tottenham. Jumamosi, mwanzoni mwa Novemba.

Mvua ya leo si mvua, ni manyunyu ya kukera, yale yasiyostahili mwavuli lakini yanakulowesha mpaka soksi. Yameanza alfajiri na bado yanaendelea ninapoandika. Nimeshasali magharibi, chai imepoa mezani, na begi langu liko mlangoni. Nina hasira na sijui nimkasirikie nani, kwa hiyo naanza na mvua.

Kwa anayepita kwenye blogu hii mara ya kwanza: mimi ni Zuhura, mtu wa Pemba. Kazi yangu ni kutunza wazee majumbani mwao. Jumamosi mchana, kwa kujitolea, naendesha saa ya Kiswahili kwenye redio ndogo ya jamii hapa kaskazini mwa London, ghorofa ya juu ya duka la mazulia. Pale kila watu waliohamia mji huu wana saa yao. Baada yangu wanaingia Wakolombia. Kabla yangu wapo Wahungaria, na Wahungaria maana yake ni Ilona.

Ilona aliletwa Uingereza akiwa mtoto wa kubebwa mgongoni, wazazi wake wakikimbia vifaru mitaani kwao. Mpaka leo akisema "nyumbani" hamaanishi hapa. Wasikilizaji wake ni wa aina mbili na hawapendani sana: wazee waliokimbia zamani, na vijana waliokuja juzijuzi kufanya kazi kwenye maghala ya Hayes. Wazee wanataka fidla, vijana wanataka kujua habari za vibali. Nasi tunayo hayo hayo, ila sisi tunagombania taarabu.

Fundi wake wa mitambo alirudi kwao Budapest, na wangu alipata kazi ya Jumamosi. Basi tukakubaliana: saa yake mimi nakaa kwenye mitambo, saa yangu anakaa yeye. Ilona hajui Kiswahili, na mimi sijui Kihungaria hata cha kuombea maji. Nje ya studio tunazungumza Kiingereza; hewani tunafanya kazi kwa mikono na macho. Akiinua kidole, naweka muziki. Akikunja ngumi, nakata. Akishika sikio, ujue kuna mtu kwenye simu. Saa sita kamili nampigia kengele za kanisa, maana redio za kwao ndivyo zifanyavyo kila adhuhuri, kisha tunabadilishana viti mbiombio na mimi naingia hewani na asalamu aleikum yangu.

Kwao kila jina lina siku yake katika mwaka, na mtu hupongezwa siku ya jina lake. Ilona huyasoma majina ya wiki nzima taratibu, kama bibi anayegawa halua na anataka kila mtu apate. Niliwahi kumuuliza siku ya Zuhura ni lini. Akapekua kalenda yake, akanuna, akasema haipo. Jumamosi iliyofuata akatangaza kuwa siku yake nitagawana naye. Hivyo ndivyo alivyo, na ndiyo maana nimemwandika kwanza kabla ya kuandika aibu yangu.

Aibu yenyewe ni hii.

Mwanangu wa pekee, Salma, anaishi Cardiff na mumewe Yusuf. Alikuwa na mimba ya kwanza. Kwetu mimba ya kwanza haina mjadala: mama anakwenda, anamkanda mzazi kwa maji ya moto, anamfunga mkaja tumboni, anampikia uji wa pilipili manga, na haondoki mpaka arubaini itoke. Mama yangu alinifanyia hivyo. Pilipili nimeshaitwanga tangu mwezi uliopita, na nyumba nzima bado inanuka.

Lakini redio ina sheria yake. Saa ikikaa Jumamosi nne mfululizo bila mtu wa kuitangaza, inapewa watu wengine, na wanaosubiri ni wengi. Arubaini ni karibu wiki sita. Mtu wa kunishikia sikumpata. Vijana wetu wanaelewa Kiswahili vizuri tu, ukiwasema vibaya utaona, lakini kukizungumza hawataki. Nilipomwambia Salma kwamba bado natafuta mtu, alinijibu kwa Kiingereza kama anavyonijibu tangu alipoanza shule.

"It's fine, Mum. You've got your radio."

Hakusema kwa hasira. Bora angekasirika.

Mtu atauliza, redio gani hiyo ya kumshinda mtoto? Ngoja nieleze. Sisi watu wa visiwani tuliotawanyika huku tunazikana kwa redio. Mtu akifariki, mimi ndiye ninayesoma tanzia: baba yake ni nani, wajomba zake ni nani, anasaliwa msikiti gani, baada ya sala gani. Ukimsahau mpwa mmoja umezua ugomvi utakaorithiwa. Kuna wazee ambao wiki nzima hawasikii Kiswahili isipokuwa saa ile moja. Wananiita mwanetu. Nikikohoa hewani, Jumatatu nina ujumbe wa kuniuliza kama nimekunywa tangawizi.

Ilona nilimwambia yote haya wiki mbili zilizopita, tukivaa makoti. Akanitazama kama mtu asiyeona tatizo liko wapi. Akasema, "Usiombe. Nenda. Kwetu mtu akitoka karamuni bila kuaga tunasema ameondoka Kiingereza. Uko Uingereza, nani atakulaumu? Mimi nitaweka nyimbo zako, nitasema salamu aleikum, nitafungua simu, na watu wako watazungumza wenyewe."

Nikacheka.

Akasema hatanii. Akasema mwanawe wa kiume alikuwa akimwalika kila Jumamosi, naye kila Jumamosi anamjibu kwamba ana redio. Siku hizi hamwaliki siku yoyote. Nikacheka tena, kwa sababu sikujua niweke uso gani.

Nitasema ukweli, maana humu watu wangu wa redio hawapiti. Sikuogopa kwamba Ilona ataiharibu saa yangu. Niliogopa kwamba hataiharibu. Kwamba nitarudi baada ya arubaini nikute wamezoea, wanasema ah, yule mama wa Kihungaria mchangamfu. Kikulacho ki nguoni mwako. Nimekuwa nikilalamika kwa kila mtu kwamba redio imenifunga, na kumbe kamba naishika mwenyewe, naikaza mwenyewe, halafu naonyesha watu alama mkononi.

Na halafu mimi nimelelewa, na hilo ndilo lililonimaliza. Kwetu hutoki nyumbani kwa mtu mpaka useme "naomba ruhusa", na mwenyeji akujibu "ruhusa unayo". Hata kama umekaa tangu asubuhi na mwenyeji anapiga miayo. Nikawaza, hawa wasikilizaji ni wenyeji wangu, miaka yote wananikaribisha sebuleni kwao. Siwezi kuwakimbia kama mwizi wa kuku. Daktari alikuwa amesema bado wiki mbili. Nitawaaga kwa adabu, watanipa ruhusa, nitakwenda roho yangu nyeupe.

Mwingereza angemwandikia msimamizi barua pepe ya mistari miwili. Mimi leo nimeomba ruhusa hewani, laini za simu zikiwa wazi.

Simu zetu wenyewe hatuingii nazo studio, maana zinaleta mkoromo kwenye spika. Zinabaki kwenye kikapu ukumbini. Yangu niliiweka kabla ya saa tano, saa ya Ilona ilipoanza, na sikuifikiria tena.

Nilianza vizuri. Nikawasalimia, nikasoma salamu chache, kisha nikasema wazee wangu, ndugu zangu, mwanangu yuko Cardiff, anakaribia kujifungua, na mnajua desturi. Nikawaeleza kuhusu zile Jumamosi nne. Nikasema, naomba ruhusa yenu. Nikamtazama Ilona upande wa pili wa kioo cha studio, akashika sikio. Simu ya kwanza.

Alikuwa Bwana Seif wa Hayes, mzee wa Wete aliyetoka visiwani enzi zile za kukimbia, mjane, miguu haimtii tena.

"Ruhusa? Ruhusa gani tena? Zuhura mwanangu, mie hapa sina mtu. Carer anaingia, good morning Mister Seif, anafungua curtain, keshaondoka. Kiswahili nakisikia kwako tu. Sikupi. Leo sikupi, na kesho usinambie."

Watu wangecheka kama si ile sauti yake. Nikamwambia nimesikia baba.

Akafuata Bi Kusum wa Rayners Lane, Muhindi mzaliwa wa Mombasa, akipiga kutoka dukani kwake, mashine ya pesa ikilia nyuma yake. "Zuhura, si uende weekend moja tu kisha urudi? Cardiff si mbali, ni train tu. Wajukuu wangu mimi Kiswahili hawataki, Kigujarati hawataki. Sasa nikae na nani?"

Mwingine akasema asiyekuwepo na lake halipo, hiyo saa wakishaichukua haturudishiwi, mtaona. Mwingine akamwombea Salma dua nzuri ndefu, ya kujifungua salama, kisha akamalizia, "Lakini wewe usiondoke." Dua na pingamizi kwa pumzi moja.

Hata mmoja hakusema ndiyo. Na sikuwa na haki ya kuudhika. Ukimwomba mtu ruhusa, umempa na uwezo wa kukunyima. Nilisahau hilo, kwa sababu maisha yangu yote sijawahi kuona mwenyeji akimnyima mgeni. Anasema bado mapema, anasema subiri chai, lakini mwisho anakupa. Sebuleni kuna uso wa mtu na kuna aibu. Kwenye simu hakuna.

Kisha nikasema maneno haya. Nayaandika kama yalivyotoka.

"Basi wazee wangu, nimewasikia. Siendi popote. Mimi ni wenu."

Niliyasema kwa ile sauti yangu ya redio, ya asali, ambayo Salma akiwa mdogo alikuwa akiiigiza jikoni mpaka machozi yanamtoka. Na nitakiri zaidi: nilisikia raha. Nilijiambia nimeonewa, na chini ya kuonewa kule kulikuwa na utamu wa kutakiwa. Nikainua kidole, Ilona akaweka taarabu, ile ndefu isiyokwisha. Nikanywa maji. Nikajihurumia kidogo.

Taarabu ilipoisha Ilona akashika sikio. Alikuwa Bi Rukia, wa hapa hapa Tottenham, shangazi yake Yusuf. Bi Rukia hajawahi kubisha hodi katika mazungumzo, anaingia tu.

"Wewe Zuhura, huna haya? Ruhusa unamwomba Seif, na mjukuu keshazaliwa! Picha nshaletewa na Yusuf sasa hivi. Mtoto wa kike, mashallah, kichwa kizima nywele! Hongera bibi! Mbona kimya? Kwani hujui?"

Nilikuwa sijui.

Dunia nzima ya Waswahili wa London imejua kwa wakati mmoja na mimi, na baadhi yao kabla yangu. Nikasikia mdomo wangu ukisema alhamdulillah. Ukasema ahsante sana Bi Rukia, ukasema wasikilizaji mmesikia wenyewe. Ukacheka hata. Mdomo wa mtangazaji ni kitu cha ajabu, unaweza kuendelea na kazi mwenyewe ameshaanguka.

Ilona hakuelewa neno, lakini uso alikuwa ameuona. Aliacha mitambo, akafungua mlango, akaja mpaka mezani kwangu na kunyoosha mkono, nimpe spika zangu za masikioni. Midomo yake ikasema "nenda" bila sauti.

Nikatikisa kichwa.

Sina cha kujitetea hapa. Ilona alisimama mkono ukiwa wazi mbele yangu, na mimi nikafungua karatasi na kusoma salamu za mtu wa Tottenham kwa shemeji yake wa Hayes. Kisha nikasoma tanzia ya mzee wa watu, Mungu amrehemu, nikataja watoto wake, ndugu zake na wajomba zake wote, sikumruka hata mmoja. Niliendelea mpaka saa saba ilipogonga. Hakuna aliyenishika. Mlango wa studio hauna hata kufuli, unabanwa tu kwa kipande cha zulia kutoka duka la chini.

Kwenye kikapu simu yangu ilikuwa imejaa. Salma amepiga. Yusuf amepiga. Salma tena. Yusuf, Yusuf, Yusuf.

Nilimpigia Yusuf nikiwa nimesimama kwenye ngazi, Wakolombia wakinipita na magita yao. Yusuf ni kijana wa adabu. Alizaliwa huku, Kiswahili chake kinachechemea, lakini kwangu hutumia hicho hicho. Akasema wote wazima. Akasema uchungu ulianza usiku, Salma akadhani ni ule wa uongo, akakataa niamshwe. Asubuhi wakaenda hospitali, na kwenye saa tano mambo yakaenda mbio.

"Tulikupigia, Mama. Hukupokea. Akasema Mum yuko redioni, niwekee redio, at least nimsikie."

Kwa hiyo Yusuf alitafuta matangazo yetu kwenye simu yake, akaiweka juu ya mto, karibu na kichwa cha mke wake. Salma alinisikia nikisema asalamu aleikum. Alinisikia nikiomba ruhusa. Akamsikia Bwana Seif, akamsikia Bi Kusum, akasikia ile dua yote. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, wanasema, na mwanangu alikuwa katikati ya uchungu huo akinisikiliza.

Nikamuuliza alisikiliza mpaka wapi.

Yusuf akaanza kunitajia uzito wa mtoto. Nikamwambia sema, mwanangu.

"Mpaka pale uliposema huendi popote."

"Halafu?"

"Halafu akasema, zima."

Nilimwomba anipe nizungumze naye. Akasema amelala. Yusuf hajui kusema uongo. Nilisikia mtu akikohoa pembeni yake, na kikohozi cha mwanangu nakijua.

Nimelia kwenye basi, kwenye kiti cha juu cha mbele, watoto wawili wakinitazama. Nimelia tena hapa jikoni. Sasa nimemaliza, au nimepumzika tu.

Ilona nimemwachia kila kitu: nyimbo, namba za wazee, karatasi ya salamu. Sikumwelekeza. Akikosea jina la mjomba wa mtu, wagombane naye kwa Kihungaria. Nimekata tiketi ya basi la kwanza kesho asubuhi.

Na kundi la wasikilizaji kwenye simu linawaka moto tangu mchana. Ruhusa sasa zinamiminika. Nenda mama, ruhusa unayo. Nenda dada, tutakusubiri. Bi Kusum ameweka picha za maua. Bwana Seif ametuma ujumbe wa sauti, anasema alikuwa anatania, mzee mzima. Namjua, hakuwa anatania. Alikuwa anaogopa, kama mimi. Sikumjibu. Nikipata moyo nitamjibu nikiwa njiani.

Ninachowaza sasa ni mlango mmoja tu. Wanarudishwa nyumbani kesho. Nitafika pale na begi langu la pilipili na mkaja, na nitapiga hodi, kwa sababu hata kwa mwanao unapiga hodi. Unapiga mara moja, unasubiri. Mara ya pili. Mara ya tatu, na ya tatu ukinyamaziwa, unageuka unarudi ulikotoka bila kinyongo. Hiyo ndiyo adabu. Salma nilimfundisha mimi mwenyewe, na alikuwa mwanafunzi mzuri. Anajua kwamba mimi nitahesabu tatu.

Je, akiamua kunyamaza? Anayo haki. Leo nimeomba ruhusa kwa kila mtu ila yeye.

Nitapiga ya nne.